Tumefungua Tena

Machi 8

Shangazi amenishonea daftari hili kwa mabaki ya karatasi. Kurasa nyingine nyeupe, nyingine za rangi ya maziwa, chache nene kama kadi za harusi. "Andika humo," ameniambia, "maana ukiendelea kuyasema kwa mdomo utakuja kupigana na kaka yako." Haya, naandika.

Mvua imeanza leo. Paa la stoo linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na kaka amesema yaleyale aliyosema mwaka jana: "Kesho namwita mtu." Ndiyo maana hapa kiwandani anaitwa Bwana Kesho, ingawa wa kumwita hivyo tumebaki wachache. Kuna mimi, ninayesahihisha maandishi na kutengeneza mabamba ya kuchapia. Kuna Shangazi, dada wa marehemu baba, kwenye meza ya kukunja na kushona. Na kuna Fundi, anayeendesha mtambo. Wengine wote waliondoka ugonjwa ulipoingia, na hakuna aliyerudi.

Nimeweka ndoo chini ya tundu.

Machi 10

Wametangaza redioni kwamba masharti yataanza kulegezwa. Mtaani watu wamepiga vigelegele. Sisi tumetazamana tu.

Niseme ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma: ugonjwa ndio uliotulisha. Mwaka mzima tumechapa KAA MBALI, NAWA MIKONO, VAA BARAKOA, na ratiba za mazishi. Nimesahihisha majina ya marehemu mpaka nikawa naogopa kupokea simu. Sasa maradhi yanaondoka, nayo yanaondoka na ugali wetu mkononi. Leo wateja wawili wamepiga kufuta oda za KAA MBALI, moja tulikwisha kuichapa. Mabango yamejaa stoo, upande mmoja wino, upande mmoja mweupe. Nani atanunua bango la kukaa mbali wakati kila mtu anataka kukumbatiwa?

Machi 15

Amekuja Mwalimu Mkuu wa shule ya hapa juu. Shule zitafunguliwa mvua zikiisha, na anataka kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza, cha watoto wake na cha shule jirani zote. Watoto waliokaa nyumbani muda wote huo, anasema, wengine wamesahau hata herufi zilizomo kwenye majina yao. Oda kubwa kuliko yoyote tuliyoipata tangu baba alipokufa.

Alipotoka kaka alifunga mlango, akatuita. "Hiki kitabu ndicho kitakachotuvusha," alisema. "Tukikikosa, yule bwana wa chuma chakavu atamchukua Bi Mkubwa." Bi Mkubwa ni mtambo wetu. Bwana wa chuma chakavu alikuja wiki iliyopita, akamzunguka, akampiga kofi ubavuni kama anayenunua ng'ombe. Fundi alimwangalia mkono ule kwa chuki ambayo sikujua kwamba anayo.

Karatasi tuliyokwisha kuagiza, itakayotosha kitabu, imo kwenye kontena, baharini, tangu mwaka jana. Meli zimekwama, bandari zimefungwa na kufunguliwa na kufungwa, makontena hayapo yanapotakiwa. Stoo ipo karatasi nzuri ya akiba, inatosha kuanzia karibu nusu ya vitabu. Kaka ameapa mbele ya Shangazi kwamba haitaguswa kwa kazi nyingine yoyote.

Machi 17

Nimemaliza mabamba ya kitabu. Ni kitabu kizuri. Ukurasa wa mwisho unasema: *Mvua imekwisha. Paka anaota jua.* Nimeusoma mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka.

Machi 19

Mvua.

Machi 24

Wakala wetu wa forodha amepiga simu asubuhi. Kaka alisikiliza, akaishusha simu polepole, akasema kwa sauti ya mtu aliyeko kanisani: "Meli imetia nanga."

Basi ikawa sherehe! Alimvuta Shangazi kutoka kwenye kiti chake, wakacheza katikati ya marundo ya KAA MBALI, Shangazi akilalamika magoti huku akizungusha kiuno. Fundi alimwasha Bi Mkubwa bila karatasi, angurume tu. Hata mimi nilicheka, mimi ambaye kaka husema nilizaliwa nimekunja uso. Shida imekwisha, tukasema. Tumefika.

Machi 29

Kila aliyefungwa sasa anafungua, na kila anayefungua anataka bango. Saluni, vinyozi, ukumbi wa mazoezi, duka la viatu, wote wanataka maneno yaleyale: TUMEFUNGUA TENA. Watu waliokuwa hawapokei simu zetu leo wamepanga foleni mlangoni.

Nimemkuta kaka stoo anakata kamba za rimu za akiba.

"Kaka, uliapa."

"Niliapa wakati meli iko mbali. Meli imetia nanga. Unataka nini tena?"

"Ya kitabu je?"

"Ya kitabu inashushwa bandarini wakati wewe unanitolea macho. Hawa wateja wapo leo, mdogo wangu. Nikiwaambia wasubiri watakwenda kwingine. Kesho kontena likiingia, tunaanza kitabu, na hawa tutakuwa tumewapata pia."

Shangazi alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Ila nataka iandikwe hapa kwamba ndugu yangu huyu anaila mbegu, na anaila akitabasamu. Naona macho yake yamekunjika juu ya barakoa. Kila kitu kwake ni cha kuchekea.

Aprili 2

Nimechoka, lakini nisipoandika leo sitalala.

Alfajiri kaka alinituma bandarini na makaratasi ya kutolea mzigo. Nilimkuta wakala kwenye kibanda chake, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Ni kijana mpole, mwenye adabu ya kukupa kiti kabla ya kukupa habari mbaya.

"Umekuja na makaratasi? Mbona mapema, bosi wangu?"

"Mapema vipi? Wewe si ndiye uliyesema meli imetia nanga?"

"Imetia." Akanitoa nje, akanielekeza kidole baharini. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Kule mbali, mahali maji na mbingu vinapokutana, zilikuwapo meli zimetapakaa, kila moja na mzigo wake mgongoni, hakuna inayosogea. "Ile ya tatu kutoka kulia. Au ile nyingine nyuma yake, sina hakika. Imetia nanga, inasubiri zamu. Mimi sikusema imefunga gati."

"Kwetu sisi, mtu akisema imetia nanga ana maana imefika."

"Kwenu, sawa. Kwetu huku nanga ni nanga na gati ni gati." Alinionea huruma, niliiona. "Mabaharia wengine wameugua, bandari ya nyuma walizuiwa, hapa napo vifaa vya kushushia ni vibovu. Zamu yao inaweza kuwa wiki ijayo. Inaweza isiwe."

Nilirudi mbiombio nimwambie kaka asikate tena hata rimu moja. Nilipofika nikakuta viatu vya mwenye hoteli mlangoni. Huyu ana hoteli karibu kila mtaa, na alikuwa ameagiza mabango ya zote, makubwa, ya rangi. Kaka kwa haraka alikuwa ameyapanga maneno mwenyewe, akatengeneza bamba mwenyewe, akampa Fundi. Hakunisubiri. Kazi yote ilikuwa imekwisha, imerundikwa, inanuka wino mbichi. Mwenye hoteli alikuwa ameinua bango moja kwa mikono miwili mbele ya uso wake na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka. Akaligeuza tulione sote. Herufi nyekundu, safi, zimekaa sawa kabisa:

TUMEFUNGA TENA
KARIBUNI NYOTE
TULIWAKUMBUKA

Herufi moja. *U* moja tu.

"Sasa mnataka nikafukuze watu kwa gharama yangu?" mwenye hoteli akauliza. Kisha kicheko kikamwisha. Alitaka mengine asubuhi, hoteli zinafunguliwa keshokutwa, la sivyo tumrudishie chake na yeye atajua pa kwenda.

Kaka alilishika bango akalisoma. Akalisoma tena. Macho yake hayakuliona kosa. Nilitia kidole pale penye pengo ndipo akaona, akaketi juu ya rundo.

Nikamgeukia Fundi. "Na wewe? Yamepita mbele ya macho yako yote hayo!"

"Mimi naangalia wino, dada," Fundi alisema, anafuta mikono kwa tambara. "Wino ulikuwa mzuri."

Ulikuwa mzuri, kweli. Kazi safi kuliko zote tulizotoa mwaka huu.

Nilisubiri mwenye hoteli aondoke ndipo nikamwambia kaka habari za meli. Nilizisema kwa ukali, maneno mengine sitayaandika. Aliinuka akaenda stoo, nikasikia kamba za rimu za mwisho zinakatwa.

Aprili 3

Tumerudia kazi ya mwenye hoteli. Nimeisoma ile *u* mpaka ikapoteza maana, ikawa kikombe kitupu tu. Amechukua mabango yake. Stoo imebaki mabango ya KAA MBALI, rundo la TUMEFUNGA TENA, na ndoo.

Maji yakimwagika hayazoleki, anasema Shangazi. Nimemwomba leo asiseme methali.

Aprili 9

Kuanzia leo barakoa si lazima, nje wala kazini. Mtaa umejaa vidole vya kuelekezana: kumbe una ndevu! kumbe umeng'oka jino! Muuza vocha wa hapa nje, niliyemsalimu mwaka mzima, ana kovu kubwa mdomoni ambalo sikulijua, na sikujua nilitazame au nisilitazame.

Kaka ameivua yake ofisini. Nimeingia na chai nikasimama. Macho yalikuwa yaleyale, yamekunjika kwenye pembe, yale niliyokuwa nikidhani yanacheka. Chini yake mdomo umeshuka na mashavu yamekwenda ndani, ni uso wa baba katika mwezi wake wa mwisho. Kumbe miezi yote hiyo hakuwa akitabasamu. Alikuwa akikaza macho tu, kama mtu anayetazama jua.

Nimeweka chai, nimetoka. Nimejisikia vibaya kwa yale niliyoyaandika Machi 29, lakini siyafuti.

Aprili 13

Meli iko palepale. Mvua.

Aprili 14

Meli iko palepale. Mvua.

Aprili 16

Ndoo imejaa kabla ya saa nne. Meli, palepale.

Aprili 20

Kila asubuhi Fundi humwasha Bi Mkubwa bila karatasi ili rola zisigandane. Humsemesha. "Amka, mama. Leo hamna kazi, lakini amka." Mke wake hutania kwamba nyumbani yeye ndiye bi mdogo.

Leo nimeingia nikakuta chumba kinanuka mpira unaoungua, moshi mwembamba unatoka kwenye mota, na Fundi amesimama palepale ubavuni, anapiga mluzi. Nilikimbilia swichi. Akashtuka, akanitazama mimi, akautazama moshi.

"Huu moshi umeanza lini?"

"Fundi, husikii harufu?"

Alipougua mwaka jana pua ilikufa, sote tulijua, lakini alituambia ilirudi. Haikurudi. "Zamani nilikuwa nikiingia tu mlangoni namjua hali yake," alisema. "Wino, mafuta, joto, vyote kwa pua. Sasa ni kama naishi na mke niliye kiziwi kwake." Akaanza kulia, mtu mzima, hakujificha. Nilimshika bega. Nusu mwaka uliopita ingekuwa marufuku.

Mota imepona. Shangazi kasema tusimwambie kaka, anayo ya kwake.

Aprili 23

Mwalimu Mkuu amepiga simu kuulizia. Kaka kamwambia: "Kesho nitakupa jibu zuri." Nilimsikia kupitia ukuta. Kwa mara ya kwanza nilimwombea iwe kweli.

Aprili 27

Wakala amepiga. Safari hii kaka alikuwa ameiweka simu mezani ili wote tusikie.

"Bosi wangu, pole. Imeng'oa nanga."

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Kaka aliuliza tu, "Imeelekea wapi?"

"Wenye meli wamechoka kusubiri. Wameiruka bandari yetu, wameendelea na safari. Mzigo watauteremsha huko mbele, urudishwe na meli nyingine. Mwezi wa nane, wa tisa. Siwezi kukuahidi, tayari nimeshakukosesha kwa neno moja."

"Hukunikosesha wewe," kaka alisema. "Ahsante kwa kupiga."

Maji yaliendelea kudondoka ndani ya ndoo. Nilimngoja aseme lile neno lake, nikawa hata nimeshaandaa jibu la kejeli, kwa mazoea. Hakulisema. Matumaini yake yalinikera maisha yangu yote. Leo yamemwisha, na sijui nani katika nyumba hii atakayekuwa nayo, maana mimi sikuwahi kujifunza.

Aprili 30

Nimezunguka mji mzima kutafuta karatasi. Wenye nayo wanaiuza kwa bei ya kukutukana. Wengine wanaikalia.

Nilipendekeza tugeuze mabango ya KAA MBALI tuchape kitabu upande mweupe. Fundi akachukua moja, akaliinua kwenye taa. Herufi nyekundu zilionekana nyuma vizuri sana. Mtoto wa darasa la kwanza angesoma *Paka anaota jua* na nyuma yake pameandikwa KAA MBALI. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi, nasi tukacheka, na hatukuendelea na jambo hilo.

Mei 3

Nimekwenda mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu. Sikutaka kaka aende akaaibike.

Alikuwa darasani peke yake, amepandisha mikono ya gauni, anapaka rangi nyeusi ubao mkubwa. Nilimweleza yote, meli na akiba yetu. Lile la *u* nililiruka. Nilimwomba mwezi mmoja, miwili.

"Mwanangu," alisema, ingawa tumepishana miaka michache, "watoto wanaingia wiki ijayo. Nimeagiza chaki. Nitawaandikia, watanakili."

"Kitabu chote?"

"Mdogo mdogo. Ubao hauhitaji meli."

Nikamwomba brashi nyingine, nikamsaidia upande wa chini mpaka tukamaliza. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Angekasirika ningejua kwamba bado anatuhitaji.

Mei 6

Wamemchukua Bi Mkubwa.

Fundi alifika kabla yetu. Tulimkuta amemwosha wote kwa mafuta ya taa, rola moja moja, hata pale nyuma ambapo hakuna mtu amewahi kupaona. Aling'aa kuliko siku baba alipomleta. Bwana wa chuma chakavu akaingia na vijana wake na mtungi wa gesi wa kukatia.

"Mnataka kumkata?" Fundi akauliza.

"Mlango mdogo, mzee."

"Usimkate. Nitamfungua mimi. Kila nati naijua."

"Mzee wangu, mimi nauza kwa uzito. Akikatwa, akifunguliwa, kilo ni zilezile."

Fundi alimtazama kaka. Kaka alimwambia yule bwana, "Mwache amfungue. Nakuomba." Sijawahi kumsikia kaka akimwomba mtu.

Ilichukua mchana kutwa. Vijana walikaa kwenye KAA MBALI wakacheza na simu zao. Fundi alifungua nati, akaipangusa, akaiweka na wenzake kwenye kopo, kana kwamba kuna mtu atakayezifunga tena. Walipobeba kipande cha mwisho yule bwana akalimimina lile kopo juu ya lori, kwenye vyuma vingine, nati zikalia. Wakaichukua na mashine ya kukatia karatasi, kwa kuwa lori lilikuwa na nafasi.

Fundi alivua ovaroli lake, akalitundika kwenye msumari wake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. "Dada," aliniambia, "niambie ukweli. Chumba kinanuka nini sasa?"

Nilimwambia kinanuka wino.

Sakafuni imebaki alama ya mstatili, safi, mahali mwanga haukufika miaka yote.

Mei 7

Hakuna.

Mei 9

Jua limewaka. Limewaka kweli, la kukausha wino kabla hujageuza karatasi, jua tuliloliomba miezi yote. Nimeiondoa ndoo. Juu, kwenye lile tundu, kumbe kaka alikwisha kupanda wakati sisi hatupo akaliziba. Hakumwita mtu. Amepigilia bamba moja la kitabu, na kwa kuwa bamba huandikwa sawasawa, si kinyume, ukisimama chini unasoma: *Mvua imekwisha*. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Shangazi alikuwa amekunja kitambaa chake cha meza na kuweka sindano zake kwenye kikopo. Kaka alikuwa ameshika funguo.

"Tutafunga lini?" nikamuuliza. Nilitaka alitamke, nilitaka sana alitamke.

"Leo," alisema.

Basi hapo ndipo nilipolia. Nimelia kwa neno dogo vile! Shangazi akanishika kichwa. "Nyamaza, mwanangu. Weka tangazo mlangoni, watu wasije wakagonga bure."

Tangazo la kuchapa na nini? Nilikwenda stoo kutafuta kalamu ya wino mzito, nikaliona rundo. Nikachukua moja la juu, nikalipangusa vumbi. TUMEFUNGA TENA. KARIBUNI NYOTE. TULIWAKUMBUKA. Nililisoma kama ninavyosoma kazi zote, herufi kwa herufi, kidole chini ya kila moja. Halina kosa.

"Hapo chini, kuanzia *karibuni*, pakate," Shangazi alisema, kisha akakumbuka hakuna cha kukatia. "Basi acha. Ni adabu pia."

Tuliligundisha nje, yeye kona za chini, mimi za juu. Kaka alivuta geti la chuma, akafunga kufuli, akaondoka bila kugeuka. Shangazi akamfuata. Nilibaki kulaza kona moja iliyokuwa ikiinuka. Mpita njia mmoja, mtu wa makamo, amebeba mkate, akasimama nyuma yangu akasoma kwa sauti, akacheka kwa wema.

"Dada, hapo mmesahau *u*."

"Ahsante, kaka yangu," nikamwambia. "Tutarekebisha kesho."